Kanga, kwale na firigogo: majibu kwa wasomaji wa Lamu na Malindi

Barua nyingi za safari hii zimetoka mwambao wa kaskazini, na karibu zote zauliza juu ya ndege wanaotaga chini, wanaokula chini, na wanaoruka pale tu miguu ikishashindwa. Maswali tumeyafupisha. Walioandika zaidi ya ukurasa mmoja watusamehe.

Grausi wa Uskoti

*Mhariri, assalaam aleikum. Nimeona kwenye televisheni ndege wa Uskoti aitwaye grausi, mfano wa kwale mnene mwenye manyoya mpaka miguuni. Babu asema ndege kama hao walikuwa wakiletwa Amu kutoka bara zamani. Je, tunao? Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Amu.*

Waaleikum salaam. Grausi hayuko Afrika hata mmoja. Aina zake ni 20 hivi, na zote huishi kaskazini ya dunia: Uskoti, Skandinavia, Siberia, Kanada, Marekani. Mwili wake umeumbiwa baridi. Manyoya humziba matundu ya pua na kumfunika miguu. Aina kadhaa huota vijino vya magamba pembeni mwa vidole msimu wa baridi ili wasizame kwenye theluji, na joto likirudi vijino hivyo hupukutika. Usiku wengine hujifukia ndani ya theluji yenyewe, kwa kuwa humo kuna joto kuliko nje. Theluji ikifunika kila kitu hula vichipukizi na majani magumu ya misonobari, chakula ambacho kuku wa nyumbani angekifia, kwani utumbo wa grausi una mifuko miwili mirefu ambamo vijidudu huyachachusha majani hayo taratibu. Ndege huyo ukimshusha Amu mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, usitarajie amalize wiki.

Babu naye hakukosea sana. Aliowaona yumkini ni kwale, na kwale ni wa ukoo mmoja na grausi. Kanga na kororo ni binamu wa mbali kidogo. Tomboro, yule mdogo anayejaa mashambani baada ya mvua, yumo pia ukooni. Asiyekuwemo ni firigogo, ingawa Waingereza walimpa jina linalomfanya aonekane ni grausi wa mchangani. Habari zake ziko chini, kwenye jibu la Chakama.

Moto wa kabla ya masika

*Kila mwaka tunachoma shamba kabla ya masika. Jirani ananiambia naua kwale, na yeye mwenyewe anachoma. Nani ana haki? Mkulima, Marafa.*

Inategemea mlichoma lini na moto ulipita vipi. Kwale na kanga hutaga mvua ikishashika, majani yakishapanda na wadudu wakishajaa, kwa sababu kifaranga wa wiki za mwanzo huishi kwa wadudu, mbegu baadaye. Moto wa Februari au wa mwanzo wa Machi hukuta viota vichache. Unaoua ni moto wa aliyechelewa: rasharasha zimepiga, zimekatika, nyasi zimekauka tena juu juu, naye anaona amepata nafasi. Hapo mayai yako chini tayari, na jike anayeatamia hakimbii mapema. Hujilaza akitumaini haonekani, mpaka moto umfikie.

Ikiwa lazima uchome, fanya hivi. Shamba lililolazwa ligawe vipande vitatu na mwaka huu uchome kimoja tu. Kila kipande kizungushie njia ya moto ya mita 3, iliyolimwa mpaka udongo uonekane. Kufyeka peke yake hakutoshi. Pembeni, kwenye ua au kichuguu, acha ukanda wa nyasi ndefu wa mita 5 au zaidi usioguswa. Washa asubuhi kabla upepo haujapanda, ukianzia upande ambako upepo unaelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo. Usiwashe pande nne kwa pamoja, maana huo ni mtego: sungura, kobe na kwale wote hubaki katikati. Jirani apewe habari siku moja kabla. Lakini kama mabua yenu ni machache, sisi twaona heri myalaze chini yawe matandazo. Udongo wa kichanga wa Magarini unahitaji kila kitu kinachoshika unyevu, na majivu ya mabua machache hayalipi hasara hiyo.

Huko Uskoti moto ni sehemu ya kazi ya kumtunza grausi mwekundu. Chakula chake kikuu ni hedha, kichaka kifupi chenye maua ya zambarau, naye hula machipukizi machanga na kujificha kwenye hedha kuukuu. Watunzaji huchoma kanda nyembamba, za upana wa mita 30 hivi, kwa zamu ya miaka kumi na zaidi, ili chakula na maficho vikae hatua chache tu kutoka kimoja hadi kingine. Moto huo nao una lawama zake, hasa ukiingia kwenye ardhi ya mboji, na mwaka 2024 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya leseni juu yake.

Habari za moto wa wakati mbaya, waulize Marekani. Kisiwa cha Martha's Vineyard kilikuwa kimbilio la mwisho la aina moja ya grausi wa mbugani. Alitengewa hifadhi mwaka 1908 akiwa amebaki makumi tu, na kufikia 1916 walikuwa wamekaribia 2,000. Mei mwaka huo moto ulipita kisiwani majike wakiwa juu ya mayai. Waliosalia, wengi wao madume, walikumbana na baridi kali, vipanga, na ugonjwa uliotoka kwa kuku na batamzinga wa kufugwa. Ndege wa mwisho, dume asiye na mwenza, alionekana mara ya mwisho mwaka 1932.

Mayai 17 kwenye nyasi

*Watoto wameokota mayai 17 ya kanga pembeni mwa shamba. Nina kuku anayetaka kuatamia. Nimwekee? Mama mfugaji, Mpeketoni.*

Mama, kama ni leo, yarudisheni palepale yalipotoka, yapangwe kwenye shimo lile lile, na watoto wasirudi kuchungulia. Kanga huweza kususa kiota kilichochezewa, lakini nafasi hiyo ni bora kuliko hakuna. Jike mmoja hutaga mayai 6 hadi 12 kwa kawaida, kwa hiyo 17 huenda ni ya majike wawili waliotumia shimo moja. Tena kisheria kanga ni mnyamapori. Kuokota mayai yake porini hakuruhusiwi, na hata kumfuga kunataka kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), ukianza na ndege au mayai ya mfugaji mwenye kibali.

Ukishakuwa na kibali na mayai halali, kazi ni hii, na twaieleza kwa urefu kwa sababu barua tatu zimelalamika kuwa vifaranga wanaangua vizuri kisha wanakufa wote ndani ya siku kumi.

Mayai yasikae zaidi ya siku 7 kabla ya kuatamiwa. Yawekwe ncha ikiangalia chini, kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vyote nyumbani. Ganda la kanga ni gumu mno, hivyo ufa hauonekani kwa macho. Mulika kwa tochi gizani na uondoe lenye mstari mweupe. Kuku wa kienyeji wa kiasi hufunika mayai 12 mpaka 15. Kwanza mwache alalie mayai bandia siku mbili au tatu mpaka athibitike, na umpake dawa ya unga ya utitiri, kwani kuku anayewashwa huinuka ovyo. Mayai muwekee usiku.

Kosa linaloharibu kazi hii mara nyingi ni kuchanganya mayai ya kuku na ya kanga. Ya kuku huangua siku ya 21, ya kanga siku ya 26 hadi 28. Mama akishasikia vifaranga wake wakilia huondoka nao, na mayai ya kanga hufa yakiwa yamebakiza siku chache tu. Siku ya kumi mulika tena. Yai zima lina mishipa na giza linalotikisika, yai bovu linapitisha mwanga wote.

Sasa vifaranga. Kanga mchanga ana mahitaji matatu yanayomtofautisha na kifaranga wa kuku.

La kwanza ni chakula. Anataka protini ya asilimia 24 hadi 26 katika wiki za mwanzo, ilhali chakula cha kawaida cha vifaranga vya kuku hakifiki huko. Tafuta kile cha kuanzishia batamzinga. Ukikosa, ongeza dagaa wa kusaga wasio na mchanga, soya iliyokaangwa na kusagwa, na mchwa kila wanapopatikana. Dalili ya upungufu ni manyoya ya mabawa kuchelewa na vifaranga kudonoana vidole.

La pili ni kukauka. Umande huwaua zaidi kuliko mwewe. Wasitoke nje mpaka nyasi zikauke, na mwendo huo udumu mpaka wapate wiki sita. Maji ya kunywa yawe kwenye kisahani chembamba chenye changarawe ndani, kwa kuwa kifaranga wa siku mbili huzama kwenye kina cha kidole kimoja. Joto la kulelea liwe nyuzi 35 mpaka 37 wiki ya kwanza, kisha lishuke nyuzi 3 kila wiki. Mchana wa Mpeketoni, hata hivyo, wengi hufa kwa kupikwa na taa na mabati. Waangalie wao: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikaa ukutani midomo wazi wana joto, wakitawanyika na kula uko sawa. Usiku, pepo za kusi zikiingia, ndipo taa ina kazi.

La tatu ni sakafu. Gazeti au plastiki huwateleza, miguu hupanuka kama herufi V, na mguu uliopanuka siku tatu haurudi kwa urahisi. Tandika gunia la katani au maranda ya mbao.

Kuku mlezi mfungie chini ya tenga wiki mbili za mwanzo, vifaranga wapite matunduni. Ukimwachia atatembea mwendo wa vifaranga wa kuku, na wa kanga watabaki nyuma kwenye nyasi wakipiga kelele. Chanjo ya mdondo wapewe kwa ratiba ya kuku, kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Dume na jike hutofautishwa kwa sauti wakipevuka: jike ana mlio wa vipande viwili, dume ana kipande kimoja tu anachokirudia.

Na wakizidi, wauze kwa mwenye kibali. Usiwaachie porini, maana maradhi ya bandani huenda nao.

Mbegu zinafukuliwa

*Kanga wanakuja alfajiri na kufuata mstari wa mahindi niliyopanda jana, shimo kwa shimo. Nilipwe na nani? Mkulima, Langobaya.*

Hulipwi. Orodha ya wanyama wa fidia katika sheria ya wanyamapori ya 2013 ina tembo, simba, kiboko na wenzao, kanga hayumo. Kwa hiyo kinga ni yako mwenyewe, na inakuhusu kwa siku kumi hivi tangu kupanda hadi mche ushike mizizi.

Kanga huona udongo uliochokorwa, ndio maana anafuata mstari. Panda kina cha sentimita 5, kanyagia kwa unyayo, kisha buruta tawi lenye majani juu ya shamba zima mpaka mstari usionekane. Pandeni wiki moja na majirani, kwa kuwa aliyepanda peke yake hulisha kundi zima. Lindeni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni. Katikati ya mchana kundi hupumzika kivulini. Vitisho vya mikanda na makopo hufanya kazi siku chache, kisha kanga huvizoea, hivyo vihamisheni kila baada ya siku mbili. Upande unaopakana na kichaka laza matawi ya miiba ya urefu wa mita moja. Kanga aweza kuyaruka, lakini kundi hupendelea kutembea na mara nyingi hugeuka.

Mbegu ya sumu, hapana. Dawa za wadudu zilizotiwa kwenye mahindi huua kanga, kisha huua tai na mbwa waliomla, na nyama hiyo ikiokotwa na mtu aliye na njaa huingia jikoni. Na mahindi yakishafika magotini, waache kanga waingie. Wakati huo wanachimbua vitunguu vya ndago, gugu ambalo jembe lako halilimalizi, na kula panzi na viwavi.

Mweusi mwenye nywele za kusokota

*Msituni kwetu kuna kanga mweusi mwenye nywele kichwani, hufuata kima. Ni kanga aliyechanganyika? Msomaji, Gede.*

Huyo ni kororo, aina kamili na ya haki yake. Kanga wa kawaida ana pembe ya mfupa utosini, kororo ana shungi la manyoya meusi yaliyojikunja. Hufuata kima kwa sababu kima ni mharibifu: hung'ata tunda mara moja na kulitupa, na kororo huokota. Wakati huo huo hupekua majani makavu akitafuta konokono, mchwa na mbegu.

Kanga wa kawaida hustawi hata kwenye mashamba na nyasi wazi. Kororo hataki uwazi. Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, ni miongoni mwa misitu ya pwani inayompa anachotaka: kivuli, vichaka vya chini vilivyosongamana, na zulia nene la majani yaliyooza. Anayeingia kukata fito na kusomba kuni mpaka sakafu ikabaki mchanga mtupu hajagusa kororo hata mmoja, lakini amemhamisha. Ukitaka kumwona, ingia na kiongozi alfajiri baada ya mvua, simama pembeni mwa njia usitikisike, na sikiliza kima kwanza.

Kifua buluu

*Huku Hindi kuna kanga mwenye shingo ndefu, kichwa kitupu na kifua cha buluu. Wengine humwita kanga tai. Ni adimu? Msomaji, Lamu bara.*

Duniani si adimu, lakini makazi yake ni haya ya kwetu tu: Somalia, Ethiopia, Kenya na kaskazini mashariki ya Tanzania. Ni mkubwa kuliko kanga wote, na huvumilia vichaka vikavu ambako maji ni ya kubahatisha. Utafiti uliofanyika Mpala, Laikipia, na kuchapishwa 2019, ulifuatilia ndege zaidi ya 400 katika vikundi 18, ukaona kwamba kila kikundi hubaki na watu wake, na vikundi fulani huchagua kukutana na vikundi fulani tena na tena. Mpangilio wa aina hiyo ulikuwa ukijulikana kwa tembo na nyani. Basi akiuawa jike mmoja mzee, huenda kundi likapoteza zaidi ya ndege mmoja.

Kuhesabu kwale bila kuwaona

*Chama chetu cha mazingira shuleni kinataka kujua kama kwale wanapungua. Hatuna darubini za kutosha. Mwalimu, Witu.*

Mwalimu, masikio yanatosha, kwani kwale wa vichakani hulia kabla hajaonekana. Kwanza wanafunzi wawajue watatu. Yupo mdogo mwenye nyusi nyeupe na miguu myekundu, hutembea mkia umeinuka kama kuku wa kienyeji; dume na jike huitikiana alfajiri kwa kelele kali inayorudiwa haraka. Yupo mwenye koo tupu jekundu, wa vichaka vya karibu na mashamba na maeneo yenye unyevu. Na yupo mwenye koo tupu la manjano, wa nyika kavu, apendaye kupanda juu ya kichuguu na kulia kwa sauti ya kukwaruza.

Chagueni njia ya kilomita 3 na muweke vituo kila mita 500. Anzeni nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Kila kituo simameni kimya dakika 2 ndege watulie, kisha sikilizeni dakika 10. Kila mlio uandikwe kwenye duara lenye dira: upande gani, karibu au mbali. Jozi inayoitikiana ni jozi moja, wala msiihesabu mara mbili mkifika kituo cha pili. Rudieni asubuhi nne ndani ya mwezi mmoja, zisizo na mvua wala upepo, na mchukue hesabu ya juu ya kila kituo. Mwaka ujao mwezi ule ule, njia ile ile, wasikilizaji wenye uzoefu ule ule. Kinachoharibu takwimu za shule nyingi ni kubadilisha mwezi: kwale wa Agosti hulia kidogo, na ripoti husema wametoweka. Namba mtakayopata ni kipimo cha kulinganisha mwaka na mwaka. Idadi kamili ya ndege ni jambo jingine.

Rekodi zenu pia zinaweza kuingia Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege unaogawa nchi katika miraba ya kilomita 9 hivi kwa 9. Miraba mingi ya Lamu ina rekodi chache.

Ndege anayelowesha tumbo

*Kwenye silanga letu ndege wa rangi ya mchanga huja makundi asubuhi. Wengine hunywa na kwenda zao, lakini madume wengine huingia majini mpaka tumboni, wakajitikisa, wakaruka. Wenzangu wasema wanaoga. Mchungaji, Chakama.*

Hawaogi. Wanachota maji ya watoto, na uliyoyaona ni miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa muda mrefu na wataalamu wa ndege.

Ndege huyo ni firigogo, aliye karibu zaidi na njiwa kuliko na kuku. Hula mbegu kavu tupu, kwa hiyo chakula hakimpi maji hata tone. Hutaga mayai mawili au matatu kwenye ardhi wazi, mbali na maji, ambako wanyama wawindaji hawapiti sana. Kwa kawaida jike hulalia mchana kwa kuwa rangi yake humezwa na udongo, na dume hupokea usiku. Vifaranga huangua, hukauka, na saa chache baadaye wanatembea na kujiokotea mbegu. Wanachokosa ni maji, na bawa la kuwapeleka silangani hawana.

Mwaka 1896 Mwingereza Edmund Meade-Waldo aliandika kwamba dume aliyekuwa akimfuga hulowesha tumbo na kunywesha watoto kwa manyoya. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1967 Tom Cade na Gordon Maclean walichapisha uchunguzi wao wa firigogo wa kusini mwa Afrika uliomaliza ubishi. Unyoya wa tumbo la dume una vinyuzi vilivyojiviringa na kulala bapa ukiwa mkavu. Ukipata maji, vinyuzi hujikunjua na kusimama, na maji hunaswa katikati yake. Dume mmoja wa aina hiyo ya kusini hubeba mililita 25 hivi, na upepo wa safari humpunguzia kiasi. Akifika husimama wima, vifaranga huja chini yake na kuvuta manyoya kwa midomo kama wanaokamua. Wakishiba, dume husogea mbele na kujifuta mchangani.

Sasa tazama madume wako tena, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Anayechota huanza kwa kujisugua tumbo kwenye mchanga mkavu ukingoni, kuondoa mafuta ya manyoya. Kisha huingia, hunyanyua mkia na mabawa yasilowe, na hujitikisa juu chini kwa dakika kadhaa. Kuna nyakati hutoka, husikiliza, na kurudi ndani.

Kwa silanga lenyewe: upande mmoja uwe na mteremko mdogo, mita 1 kushuka kwa kila mita 4 au zaidi, kwa sababu firigogo hawezi kutua kwenye ukingo uliokatwa wima. Upande huo huo fyekeni vichaka mita 20 hadi 30 kutoka majini. Kipanga hukaa vichakani, na firigogo wakishambuliwa mara mbili tatu huhama silanga. Wekeni ua wa miiba ili ng'ombe wanywe upande mwingine, au waje baada ya saa nne. Kuogesha mifugo kwa dawa ya kupe kufanyike mbali, mahali ambapo maji machafu hayateremki silangani: dume anayebeba maji hayo anapeleka sumu moja kwa moja kinywani mwa kifaranga. Na nyavu za samaki zisiachwe zikikauka ukingoni.

Tanzi njiani

*Nimekuta tanzi za waya kwenye njia ya kanga, moja ina kwale hai. Nilimfungua lakini alikimbia akichechemea. Nilikosea wapi? Kijana, Kakuyuni.*

Hukukosea kumfungua. Mara nyingine mfunike kichwa kwanza kwa kitambaa au shati, maana gizani hutulia. Mabawa yabane mwilini kwa kiganja kimoja, usishike miguu. Legeza tanzi kwa kusukuma waya kurudi kwenye fundo. Ukivuta mguu ngozi huchunika. Waya uliozama nyamani ukatwe kwa koleo pande zote mbili za fundo. Kisha mwache chini ya kichaka aondoke mwenyewe bila kurushwa hewani. Mchechemeo wa kubanwa tu huisha siku chache. Mguu uliovunjika au ulioanza kuwa mweusi ni wa kuonyeshwa KWS.

Tanzi nyingine usizing'oe ukiwa peke yako, kwani mwenye nazo huenda yuko karibu. Piga picha, andika mahali kwa alama ya mti au kwa ramani ya simu, na peleka habari siku hiyo hiyo kituo cha KWS au cha msitu. Mitego hukaguliwa alfajiri, kwa hiyo habari ikifika jioni askari wana usiku mzima wa kujipanga. Kuwinda ndege hawa ni kosa hata kama ni kitoweo cha nyumbani, na wengi wa Kakuyuni wanalijua hilo. Wasilojua ni kwamba tanzi iliyosahauliwa huendelea kunasa miezi mingi baada ya mwenyewe kuacha kuwinda, hivyo ukimjua aliyeacha, mwombe akuonyeshe alikozitega.